Matofali ya Kule Chini

Chuo chetu cha ufundi kina kampasi tatu, na kwenye vibao kila moja ina jina lake la heshima. Sisi tunaoishi nazo tunaziita Kule Chini, Karakana na Juu. Kule Chini ndiko chuo kilikoanzia, kwa banda moja la useremala na kiwanja cha uashi, enzi ambazo mtu wa mkoa huu akitaka kupaua nyumba ilibidi aagize fundi kutoka mbali. Wanafunzi wa mwanzo walijenga madarasa yao wenyewe, kisha wakaingia ndani kusoma. Karakana ikafuata, ya magari na umeme, karibu na stesheni. Juu ni ya juzijuzi tu: ghorofa, vioo, kompyuta, uhasibu, hoteli, na lango pana linalotazama barabara kuu.

Mimi ni wa Kule Chini. Nimefundisha uashi huko tangu nikiwa msichana mwenye mwiko mmoja na kiburi cha kutosha. Wananiita Mama Timazi, kwa ajili ya ile kamba yenye kipande cha chuma mwishoni ninayoining'iniza ukutani kuona kama umesimama wima. Wanasema hata mtu akisimama mbele yangu nampima. Ni kweli, na wengi wamepinda.

Fani ziliondoka Kule Chini moja moja, kama wageni wanaoaga kwa adabu. Ushonaji ulipandishwa lori pamoja na cherehani zake ukaenda Juu. Uchomeleaji ukahamia Karakana. Mapishi, uhazili, mwisho useremala. Kila fani iliyoondoka iliacha chumba, na kila chumba kiliacha mwangwi. Nikawa nimebaki na darasa langu moja la waashi, funguo za milango ambayo hakuna anayetaka kuifungua, na nyumba ya mwalimu pembeni mwa kiwanja. Asubuhi niligonga kengele kama kawaida, ingawa wanafunzi wangu wote walikuwa wamekwisha kusimama mbele yangu. Niligonga ili nisikie kitu.

Sasa lazima nieleze uashi unavyofundishwa, maana hapo ndipo mambo yote yalipoharibika. Anayejifunza useremala akitengeneza kiti, kiti hubaki. Anayejifunza kushona huenda nyumbani na gauni. Mwashi hujenga ukuta, mwalimu akaupima, akatoa alama, kisha ukuta ukabomolewa, kwa sababu kiwanja ni kimoja na matofali ni yaleyale. Kwa hiyo udongo wetu wa kujengea hauna saruji. Ni mchanga, chokaa na maji, basi. Ukuta unashika kiasi cha kusahihishwa, na ukiusukuma kwa bega unaachia. Halafu tunakaa chini, kila mtu na mwiko wake, tunakwangua chokaa kwenye tofali moja moja na kuyapanga upya kwa ajili ya wanaokuja. Unakwangua kwa mgongo wa mwiko, si kwa makali, ukianzia pembeni kuingia katikati, ili pembe isimeguke. Ukimaliza unaligonga tofali kwa kifundo cha kidole. Likilia, ni zima. Likinyamaza, lina ufa ndani, liweke kando.

Matofali ya Kule Chini yamepita mikononi mwa kila mwashi wa mkoa huu. Pembe zake zimelainika mpaka ukilishika moja unadhani umeshika mkate. Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta, kana kwamba kujenga ukuta ni adhabu. Mimi adhabu yangu ilikuwa kuubomoa, na niliizoea kama mtu anavyozoea jirani mwenye kelele.

Marehemu mume wangu alikuwa mwalimu wa useremala. Kazi zake zimejaa mtaani: milango, meza, vitanda, kabati za watu wasiokumbuka tena nani aliyezitengeneza. Hadi leo nikienda kumtembelea mtu hutokea nikajikuta nabisha kwenye mlango wa mume wangu. Nikifika kwenye mlango kama huo huwa nachelewa kidogo kubisha. Naushika kwanza.

Mtoto tulijaliwa mmoja, wa kiume. Alipokuwa mdogo, mwalimu wao aliwaambia kila mmoja aseme mzazi wake ametengeneza nini. Mwanangu akasema meza ambayo mwalimu amekalia karibu yake ni kazi ya baba. Darasa zima likamgeukia kwa heshima. Alipofika kwangu akakwama. Jioni akaja kunisimamia jikoni.

"Mama, wewe umejenga nini?"

Nikamwambia nimejenga kuta, tena nyingi.

"Ziko wapi?"

Baba yake alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini angalau kinyozi anaweza kumwonyesha mtoto wake vichwa vya watu. Mimi niliwaza siku nzima ya kesho yake nimpeleke wapi, sikupata mahali. Swali hilo limekaa nami mpaka nimeota mvi. Hakuliuliza tena, na nadhani yeye alilisahau kabla ya kulala.

Siku za kukwangua alikuwa anakuja kiwanjani na mwiko mdogo aliochongewa na baba yake. Baadaye akaenda Karakana kusoma umeme, na sasa ni fundi wa lifti katika mji ulio mbali sana na huku. Huwa namtania kwamba mama hujenga vinavyobomolewa, mtoto hupanda vilivyojengwa na wengine. Hunipigia kila Jumapili. Ananiuliza kama ninakula, nami namuuliza kama analala, tunajibu ndiyo, kisha tunasikilizana tukipumua. Tangu tumzike baba yake amekuja mara chache, na kila mara begi lake halikufunguliwa lote. Simlaumu. Nyumba yenye mama mmoja na saa ya ukutani si mahali pa kijana kupumzikia. Lakini siwezi kusema uongo, nilikuwa mpweke kiasi cha kuwasemesha ndoo na karai.

Basi siku moja mkuu wa chuo akateremka mwenyewe Kule Chini. Ni mtu mpole, wa fani ya magari, ambaye hata akileta habari mbaya huifuta vumbi kwanza. Akakaa kwenye benchi la mume wangu, akaniambia kwamba darasa langu lile litakuwa la mwisho. Kampasi inafungwa, eneo litageuzwa zahanati, na uashi utaendelea Juu kwa jina la teknolojia ya ujenzi, sehemu kubwa kwenye kompyuta. Mimi nilikuwa nimebakiza muda mfupi kustaafu, kwa hiyo hapakuwa na la kujadili. Nikamuuliza jambo moja tu: matofali je?

Akatabasamu, nikaelewa kwamba hilo ndilo alilolijia. Alitaka yapelekwe Juu, yajengewe ukuta mmoja pembeni mwa lango, wenye jina la chuo na mwaka kilipoanzishwa, ili kila anayeingia ajue chuo hiki hakikuanza na vioo.

"Nataka ujenge wewe," akasema. "Huu ni wa kubaki, mwalimu."

Maisha yangu yote sikuwahi kupewa ukuta wa kubaki. Alipoondoka niliketi pale pale kwenye benchi, nikalia kama mtoto, halafu nikampigia simu mwanangu. Haikuwa Jumapili. Akapokea upesi, akauliza nani amekufa.

Nikamwambia hakuna aliyekufa, najenga ukuta. Akasema lakini hiyo si ndiyo kazi yako, mama. Nikasema huu hautabomolewa. Nikaona nikingoja sana nitashindwa kusema, nikasema yote kwa mkupuo.

"Njoo uuone, baba. Nataka uone kitu kimoja nilichojenga."

Akaahidi kuja siku ya uzinduzi. Tangu siku hiyo sikutaka kitu kingine chochote duniani, si pensheni wala sifa. Nilitaka mwanangu asimame mbele ya ukuta, nami nimwambie, ule pale.

Saruji ililetwa Juu mapema. Niliiona kwa macho yangu ikiteremshwa na kupangwa stoo, nikamshukuru mtunza stoo, tukataniana. Kesho yake lori likatoka Kule Chini na matofali yetu, mchanga wetu, chokaa yetu na darasa langu zima limekaa juu ya mzigo likiimba. Msingi mkandarasi wa chuo alikuwa amekwisha kuumwaga, zege safi, sina la kusema juu yake. Nikafunga uzi, nikaning'iniza timazi, nikavua viatu, nikawaambia wanafunzi wachanganye udongo.

Wakachanganya.

Sijawahi kujenga vile. Kila tofali nililolinyanyua lilikuwa na mtu ndani yake. Hili lenye kovu liliangushwa na yule kijana mwenye kigugumizi ambaye siku hizi anasimamia ujenzi wa madaraja. Hili lenye doa jeusi lilikaa karibu na jiko la mapishi mvua ilipotufukuza kiwanjani. Wanafunzi wa Juu walipita na kompyuta zao kwapani na mabegani, wengine wakasimama kutazama. Binti mmoja wa uhasibu akaniomba aweke moja, nikamruhusu, kisha nikalinyoosha alipoondoka. Ukuta ulipopita kichwa changu niliurudia na timazi kutoka kila upande, na ule uzi ukatulia kama umelala. Mkuu wa chuo akaja akaupapasa. Akasema ni mzuri. Nikamwambia najua.

Nilirudi Kule Chini nimechoka na nina furaha ya kijinga. Kesho yake, siku moja kabla ya uzinduzi, mvua ikanyesha alasiri nzima. Mvua nzito, ya kupiga bati mpaka usisikie redio. Nikapika chai, nikakaa dirishani, nikasema moyoni kwamba hii ni baraka, vumbi la Juu litatulia kabla ya wageni kufika. Simu ilipolia nilikuwa bado natabasamu. Alikuwa mlinzi wa lango, mtu wa maneno machache.

"Mama, samahani. Ukuta umeketi chini."

Hakuna aliyeumia, akaniambia hilo kabla sijauliza, na Mungu ambariki. Nikapanda kwenda Juu nimejifunika gunia. Matofali yalikuwa yametawanyika kwenye nyasi, mazima, yamelowa, baadhi yamekaa wima kana kwamba yalishuka yenyewe. Nikaokota moja, nikasugua ubavu wake kwa kidole gumba. Udongo ukatoka mweupe, laini kama uji. Chokaa.

Nikaenda stoo. Mtunza stoo akanifungulia. Mifuko ya saruji ilikuwa palepale ilipopangwa, uzi wa mshono haujaguswa hata mmoja. Nikaikalia.

Wanafunzi wangu wakanikuta hapo. Mmoja wao, msichana mwenye mdomo mkali ambaye siku zote hunifurahisha, akatazama mifuko, akanitazama, akasema kwa sauti ndogo kwamba mwalimu hukutuambia tutie saruji. Nikamwambia nanyi hamkuniuliza. Hapo tukajua wote kwa pamoja. Mimi nilisema changanyeni udongo, nao wakachanganya udongo pekee ambao mimi nimewahi kuwafundisha. Hakuna mkono hata mmoja kati yetu uliowahi kuchana mfuko wa saruji kwenye ukuta wa matofali yale. Mazoea yana taabu. Yule msichana akaanza kucheka, kicheko kikamfia mdomoni, akanishika bega.

Mkuu wa chuo hakunikasirikia. Laiti angenikasirikia. Alisema kwa upole kwamba uzinduzi utafanyika hata bila ukuta, wataweka bango, na kwamba mambo haya hutokea. Hayatokei. Angalau si kwa mtu mwingine yeyote ninayemjua. Nilimpigia mwanangu kumwambia asije, simu yake ikawa imezimwa. Alikuwa njiani tayari.

Asubuhi wanafunzi wakaitwa kupanga viti na kufunga vitambaa. Mimi nikabaki nyuma ya bango na rundo langu. Sikuwa na la kufanya kwa mikono, na mikono isiyo na kazi hunitia wazimu, kwa hiyo nikakaa chini nikaanza kukwangua. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini matofali huzoleka, ndio uzuri wake. Upande wa pili wa bango vipaza sauti vilikuwa vinajaribiwa, mtu akihesabu moja mbili, moja mbili. Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Niliomba basi la mwanangu lichelewe.

Halikuchelewa. Aliingia langoni na begi lake begani, amepungua, ndevu zimeingia mvi mbili tatu ambazo hakuwahi kuniambia. Akaniamkia. Niliitikia bila kuinuka, nikiendelea kukwangua.

"Ulikuja kuona ukuta," nikasema. "Umeanguka. Nilisahau saruji."

Akatazama rundo, akatazama msingi mtupu, akanitazama mimi. Nilingoja anipe pole, na nilijua akinipa pole nitavunjika. Hakunipa. Akaweka begi chini, akakunja suruali, akaketi kwenye nyasi zenye maji. Akaokota mwiko uliokuwa karibu na tofali moja. Akakwangua kwa mgongo wa mwiko, kuanzia pembeni kuingia katikati. Akalipuliza. Akaligonga kwa kifundo cha kidole, akainamisha kichwa kusikiliza, akaliweka upande wa mazima. Akachukua jingine.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, wanasema, lakini mimi sikumbuki kumfundisha. Labda alinitazama tu.

Tulikwangua muda mrefu. Upande wa pili hotuba zikaanza, mkuu wa chuo akasimulia historia ya kampasi tatu, watu wakapiga makofi. Jina langu likatajwa, sikuinuka. Ndipo mwanangu akaongea, macho yake yakiwa kwenye tofali.

"Mama, kule kazi yangu ni kushika vitufe. Kutwa nzima nashika vitufe vilivyobonyezwa na watu. Simjui hata mmoja. Naweza kumaliza wiki bila mtu kuniita jina." Akaligeuza tofali mkononi. "Haya nayajua."

Miaka yote ile ya Jumapili nilidhani upweke ni wangu peke yangu, kwamba yeye huko ana watu, kelele, taa, na mimi ndimi niliyebaki na vyumba vitupu. Kumbe tulikuwa tunasikilizana tukipumua kwa sababu ileile. Nikanyoosha mkono nikamfuta chokaa shavuni, kama nilivyokuwa nikimfanyia zamani, naye hakuukwepa.

Kesho yake ilimbidi aondoke. Begi lake safari hii lilikuwa zito, na nilipouliza akafungua akanionyesha. Alikuwa amechukua tofali moja. Nikamwambia wewe una akili timamu kweli, kubeba tofali kupanda nalo basi. Akasema ndiyo, anayo.

Baada ya wiki nikajenga tena, na saruji. Wanafunzi walichana mifuko kwa sherehe, nami nilichanganya kwa mkono wangu mwenyewe nisije nikaaibika mara ya pili. Lakini nitasema ukweli, sikufurahi kama mara ya kwanza. Tofali likishakamatwa na saruji halitoki tena, na hakuna mkono mwingine utakaoligeuza. Niliweka moja moja nikiaga. Mwishoni pengo moja likabaki, nikalazimika kuziba kwa tofali jipya kutoka tanuruni, jekundu kupita wenzake. Linaonekana mpaka barabarani. Mkuu wa chuo aliuliza kwa nini hilo moja ni tofauti, nikamwambia mwenzake amesafiri.

Ukuta upo. Watu wanauegemea wakisubiri usafiri, hawasomi kilichoandikwa. Kule Chini wameshang'oa mabati, na mimi nimepanga chumba karibu na stesheni, chumba chenye dirisha moja na mlango ambao si wa mume wangu. Jioni ni ndefu.

Jumapili iliyopita mwanangu akapiga. Nikamuuliza kama analala, kisha nikauliza, "Tofali halijambo?" Siku hizi hilo ndilo swali letu. Akasema halijambo, linashikilia mlango wa mbele usijifunge. Nikashtuka, nikamuuliza huko mjini anaachaje mlango wazi. Akasema upepo ni mzuri, na kwamba jirani wa mlango wa mkabala, ambaye hawajawahi kusalimiana naye, alisimama jana akachungulia, akamuuliza hilo tofali la nini.

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia ni ukuta wa mama yangu," akasema. "Akaingia kuliona."

Nikamwambia salio linaisha, ingawa yeye ndiye aliyepiga.